Ziwa la kulia limevimba na ninaishi na VVU: nimwachishe mtoto?

*"Shikamoo mama. Nina miaka 26, niko Tandahimba. Ninaishi na VVU, natumia dawa tangu mimba ya kwanza, na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi waliniambia havionekani. Mtoto wangu wa pili ana wiki 9, kipimo chake cha wiki 6 kilitoka hana. Tangu wiki iliyopita natoka alfajiri kwenda kuokota korosho, namwacha kwa mama yangu mpaka mchana. Chuchu ya kulia ilianza kuchanika, siku ya tatu ziwa lote likawa gumu, linang'aa, linawaka moto, na jana usiku nilitetemeka kwa baridi. Mtoto akilishika la kulia anaachia na kulia. Nimeona damu kidogo mdomoni mwake. Mama anasema maziwa yameharibika, kuna mtu amenitia jicho, nimwachishe nimpe uji mwepesi; ameshampa mara mbili nikiwa shamba. Mama hajui hali yangu. Jirani amenipa vidonge vya rangi mbili ila kaniambia nisivichanganye na dawa nyingine, kwa hiyo ARV sijameza siku mbili. Je, mtoto ameshapata? Nimwachishe kabisa?"*

Marahaba, mwanangu. Naanza na yale yasiyoweza kusubiri ufike mwisho wa jibu hili. Meza ARV zako, yaani dawa za kufubaza VVU, sasa hivi, na usiziache tena kwa sababu ya dawa nyingine yoyote uliyopewa na jirani. Kuanzia sasa mtoto anyonye ziwa la kushoto peke yake. La kulia ulikamue na maziwa yake uyamwage; usiliache likajaa. Halafu leo hii, si kesho, funga safari ya kituo unachochukulia dawa, kwa sababu mtu anayetetemeka usiku huku ziwa linawaka ana uambukizo unaohitaji dawa sahihi. Korosho zitaokotwa na mwingine. Ukishayafanya hayo, soma yaliyobaki taratibu.

Swali lako zito ni kama mtoto ameshapata. Nikiwa huku siwezi kukuapia, na hata kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha kilichoingia jana. Lakini naweza kukuambia umesimama wapi. Zamani, kabla ya dawa kupatikana, kati ya watoto 100 walionyonyeshwa na mama mwenye VVU, kama 5 hadi 20 walikuwa wanapata virusi kupitia maziwa. Leo mama anayemeza dawa vizuri yuko mahali pengine kabisa. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba kwa akina mama wanaotumia ARV huku wakinyonyesha, hadi mtoto anafikisha mwaka mmoja, walioambukizwa hawafiki hata mtoto mmoja katika 100. Wewe virusi vyako havionekani, na siku 2 bila dawa hazijabomoa kazi ya miaka. Zikiwa wiki 2 maneno yatakuwa mengine. Kwa hiyo tulia, lakini usibweteke, maana ziwa lililovimba ni mojawapo ya mambo machache yanayoweza kuirudisha hatari juu hata kwa mama anayejitahidi kama wewe.

Nikueleze kwa nini, kwa sababu ukielewa kinachoendelea ndani hutahitaji mtu wa kukusimamia. Ndani ya ziwa kuna vifuko vidogo sana ambako maziwa hutengenezwa. Kuta za vifuko hivyo zimejengwa kwa seli zilizobanana, mfano wa mkeka uliosukwa ukasukika, hata maji hayapiti. Maziwa yakikaa muda mrefu bila kutolewa yanasukuma kuta hizo kwa ndani, na ule msuko unaachia. Vitu vya damu vinaanza kupenya kuingia kwenye maziwa. Cha kwanza ni chumvi. Cha pili ni chembe nyeupe za damu zinazokimbilia pale penye uvimbe, na hizo chembe nyeupe ndimo VVU hupenda kujificha. Dawa zinavifubaza virusi kwenye damu mpaka visionekane, lakini haziwezi kuifuta kila chembe ambayo virusi vimelala ndani yake. Ndiyo maana ziwa lililovimba hatulichukulii kama zima, hata kipimo kikiwa kizuri.

Hiyo chumvi ndiyo inayomkimbiza mwanao. Hakatai kwa sababu amerogwa, wala kwa sababu hakupendi upande huo. Maziwa ya ziwa zima yana utamu. Ya ziwa lenye uambukizo yana ladha ya chumvi, na mtoto wa wiki 9 anaitambua mara moja. Watafiti waliopima maziwa ya akina mama kule Malawi na kutoa matokeo mwaka 1999 waliifuata chumvi hiyohiyo: maziwa yaliyokuwa na chumvi nyingi ndiyo yaliyokuwa na virusi vingi zaidi, na watoto wa akina mama hao walipata zaidi. Baadhi ya akina mama hao hawakuwa hata na maumivu. Nairobi pia, miaka hiyo kabla ya dawa, ziwa lenye uambukizo na chuchu yenye kidonda vilijitokeza kama njia ya virusi kumfikia mtoto. Mwanao amekupa taarifa kabla ya kipimo chochote, msikilize.

Sasa turudi shambani, maana ndiko tatizo lilikoanzia. Mtoto wa umri huu hunyonya kila baada ya saa 2 au 3. Wewe ukitoka alfajiri ukarudi mchana, ziwa limekosa kutolewa mara 2 au 3 mfululizo, na ukirudi unamkuta mtoto ana njaa kali na ziwa ni gumu kama jiwe. Chuchu ya ziwa gumu haimwingii mdomoni vizuri. Anashika ncha tu, anaivuta, inachanika. Kwenye mchaniko ule bakteria anayeishi kwenye ngozi zetu sote anapata mlango, na ndani anakuta maziwa yaliyolala. Mpaka siku ya tatu umeshatetemeka. Hadithi yako ni ile ninayoisikia kila msimu wa korosho kuanzia Oktoba, kutoka Newala, Tandahimba, Masasi, hata kwa akina mama ambao hawana VVU kabisa.

Na nikuulize jambo ambalo wengi hawaulizwi: jioni huwa unabangua? Yale mafuta meusi ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Wewe mwenyewe unaijua mikono ya wabanguaji. Mama akishika chuchu kwa vidole vyenye mafuta yale anaichoma bila kujua, na kila mtoto akinyonya kidonda kinafunguka upya. Kama unabangua, simamisha mpaka chuchu ipone, na baadaye osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha kabla hujamshika mtoto. Chuchu yenyewe usiisugue kwa sabuni, wala usiipake majivu, chumvi au dawa ya meno. Hayo yote nimeyaona yamepakwa, na yote yalizidisha kidonda.

Kuhusu jicho, sitabishana na mama yako, na wewe usibishane naye. Anakutakia mema. Ila yapo mawili katika maneno yake ambayo lazima yasimame leo: uji na kuachisha.

Uji mwepesi unaonekana kitu kidogo, lakini kwa mtoto huyu ndio ulionishtua kuliko damu uliyoiona mdomoni. Utumbo wa mtoto wa wiki 9 ni laini kama ganda la ndani la yai. Uji, maji ya kunywa, dawa za mizizi, vyote vinaukwaruza na kuuletea vijidudu, na utumbo uliokwaruzwa unapitisha virusi ambavyo ungeweza kuvizuia. Durban, Afrika Kusini, mwaka 1999 ilionekana wazi: watoto walionyonya na huku wakipewa vitu vingine walipata VVU zaidi ya wale walionyonya maziwa ya mama pekee. Ushauri wa leo ni huu. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee, na dawa yake ya septrini aliyoandikiwa. Mara 2 alizopewa zimeshapita na kulia hakutazirudisha. Isiwepo ya tatu.

Kuachisha ghafla nako kunaonekana kama njia ya usalama, na nakiri zamani hata sisi wahudumu tuliwahi kuwaambia akina mama waache mapema. Tulikosea. Lusaka, Zambia, walifuatilia akina mama karibu 1,000, nusu yao wakaambiwa waachishe kwa mara moja mtoto akifika miezi 4. Matokeo yalitoka mwaka 2008: kuachisha mapema hakukuongeza watoto waliobaki hai bila VVU. Baadhi ya watoto waliokwepa virusi walikuja kufariki kwa kuhara na utapiamlo. Tena ukiacha ghafla maziwa yote mawili yanajaa, msuko unaachia pande zote, na ile chumvi inahamia mpaka ziwa lililokuwa zima. Hapo ukishindwa na kilio cha usiku ukamrudishia, umempa maziwa mabaya kuliko ya leo.

Maziwa ya kopo yapo, na kwa mama mmojammoja mwenye sababu ya kitabibu ndiyo njia. Kwa hali yako siyaoni. Yanahitaji fedha kila wiki bila kukosa kwa miezi mingi, na yanahitaji maji safi ya kuchemsha kila mlo, usiku na mchana. Wewe uko kwenye uwanda wa Wamakonde, unajua ndoo ya maji inavyotafutwa kiangazi. Maziwa ya ng'ombe kwa umri huu hapana. Ziwa lako la kushoto ni zima, linatosha, na likinyonywa zaidi linatengeneza zaidi. Kina mama wa mapacha wanalishia ziwa moja kila mtoto.

Sasa la kulia. Wengi wakiambiwa "usimnyonyeshe hili" wanalifunga kwa kitambaa wakilisubiri likauke. Nilimpokea mmoja msimu fulani, amelibana kwa vitenge viwili. Tulipofungua, kitambaa cha ndani kilikuwa kimegandana na ngozi kwa usaha, na chini yake jipu limeshakuwa laini kama embe bivu. Tulilowesha kwa maji ya uvuguvugu karibu nusu saa mpaka kikaachia. Jipu lile lilianza kama lako. Kwa hiyo kamua kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku mara moja, kama vile mtoto angenyonya.

Osha mikono. Chovya kipande cha khanga safi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kiweke juu ya ziwa dakika chache maziwa yalegee. Shika ziwa dole gumba juu, vidole viwili chini, pale weusi unaozunguka chuchu unapoishia. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana na kuachia, bana na kuachia. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi na usivute chuchu. Mwanzo hayatatoka, halafu yataanza kudondoka, halafu yataruka. Matone ya kwanza yanaweza kuwa mazito ya manjano au yenye damu. Usiogope, yamwage chooni. Usilikande ziwa kwa nguvu kama unga, maana kukanda sana kunaongeza uvimbe. Ukimaliza, weka kitambaa cha maji baridi kutuliza moto.

Kama roho inakuuma kumwaga, iko njia ya kuyapasha moto maziwa yaliyokamuliwa, na Dar es Salaam ilishajaribiwa na akina mama majumbani. Unayaweka kwenye chupa safi ya kioo, kiasi cha robo hadi nusu kikombe, unaisimamisha wazi ndani ya sufuria ndogo yenye maji yaliyopita usawa wa maziwa kwa upana wa vidole viwili. Weka jikoni. Maji yakichemka kwa kububujika, toa chupa palepale, funika, acha ipoe, mpe kwa kikombe. Moto huo unavimaliza virusi na kuacha sehemu kubwa ya faida ya maziwa. Lakini maoni yangu kwako ni haya: siku hizi za homa na usaha, mwaga tu. Umechoka, unaumwa, na la kushoto lipo. Njia hii ikufae uvimbe ukipungua na kidonda cha chuchu tu ndicho kimebaki.

Dawa. Vile vidonge vya rangi mbili rudisha. Sijui ni nini, na jirani naye hajui. Bakteria anayesumbua ziwa la anayenyonyesha mara nyingi haogopi amoksilini ya kawaida. Kituoni huwa wanachagua za jamii ya kloksasilini, kwa siku 10 hadi 14. Utapata nafuu siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo wengi wanaacha. Maliza dozi. Dawa hizi zinamezwa pamoja na ARV, na hazimkatazi mama kunyonyesha. Kama penisilini inakudhuru, sema kabla hujaandikiwa. Kwa maumivu na homa parasetamoli inatosha. Usimeze diklofenaki siku nyingi mfululizo, kwa sababu ndani ya kidonge cha ARV kwa kawaida kuna dawa iitwayo tenofoviri, na hizo mbili pamoja zinaweza kuielemea figo. Jambo jingine ambalo akina mama hawaambiwi vya kutosha: kama bado unameza vidonge vya kuongeza damu, usivimeze na ARV kwa pamoja tumbo likiwa tupu. Madini yale yanaikamata dawa tumboni isiingie mwilini. Meza vyote pamoja na chakula, au ARV itangulie kwa saa 2.

Utamwambiaje mama yako? Huna haja ya kusema uongo, wala leo si lazima kusema yote. Mwambie: "Kliniki wamesema ziwa hili lina uambukizo, maziwa yake yamwagwe mpaka nimalize dawa, mtoto anyonye la kushoto." Ni kweli tupu. Na kuhusu uji: "Wamekataza kwa watoto wote mpaka miezi 6, hata maji." Nalo ni kweli, maana ushauri huo ni wa kila mtoto nchini. Mkaribishe aje nawe kliniki, muuguzi amweleze habari ya uji kwa mdomo wake. Bibi humsikiliza mwenye joho jeupe kuliko mtoto aliyemzaa. Siku utakayotaka kumweleza hali yako, washauri wa kituo na waelimishaji rika watakaa nawe. Mimi ningependa siku hiyo ije, kwa sababu ndiye unayemwachia mtoto, lakini saa ya kusema ni yako.

Ukifika kituoni usiishie dirisha la dawa ukasema "ziwa linauma". Mwambie muuguzi: nanyonyesha, niko kwenye ARV, nimekosa siku 2, chuchu imechanika, nimetetemeka, mtoto amepewa uji. Aangalie pia mdomo wa mtoto: akiona utando mweupe usiofutika ni fangasi, na hapo mnatibiwa wote wawili, mdomo wake na chuchu zako, la sivyo mtaambukizana kila siku. Muulize kipimo chako cha wingi wa virusi kilikuwa lini. Anayenyonyesha hupimwa kila miezi 6. Na muulize kama mtoto arudishiwe dawa ya kumkinga na VVU kwa muda, na kama achukuliwe tena tone la damu ya kisigino wiki chache zijazo badala ya kusubiri miezi 9.

Zahanati inatosha kwa kuanzia. Lakini ukiona uvimbe umekusanyika mahali pamoja na ukiubonyeza unanesa, au usaha unatoka, au siku 2 za dawa zimepita na homa iko palepale, hilo ni jipu au linakuja. Vidonge peke yake havitalimaliza. Linahitaji kunyonywa kwa sindano au kupasuliwa, na kwa hilo nenda hospitali ya wilaya, hospitali ya Ndanda, ya Ligula au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, Mtwara, popote usafiri unapokufikisha haraka. Mtoto akigoma kunyonya hata la kushoto, akipata homa, akihema haraka au akalegea, usisubiri kupambazuke. Na uvimbe wowote utakaobaki baada ya dozi kwisha na homa kupoa, hata kama hauumi, rudi uonyeshe. Sisi tunaoishi na VVU na tusioishi nao tunapata saratani ya matiti, na kifua kikuu nacho huwahi kujificha ndani ya ziwa kikaonekana kama jipu lisilopona.

La kulia utamrudishia lini? Homa ikiwa imeisha, ugumu umelegea, ngozi ya chuchu imefunga bila ufa, na dozi imekamilika au inakaribia. Kwako nakadiria wiki 2. Kamua tone uonje. Lisiwe na chumvi. Siku ya kwanza mkalishe vizuri: tumbo lake liguse tumbo lako, subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo umsogeze yeye kwenye ziwa, kidevu kiguse, mdomo wa chini ujikunje nje, na weusi uonekane zaidi juu kuliko chini. Ukisikia maumivu ya kuchoma yanayoendelea, pitisha kidole pembeni mwa mdomo aachie, uanze tena.

Na korosho: ukirudi shamba, nyonyesha kabla hujatoka, kamua la kushoto ujaze kikombe chenye kifuniko, kikae kivulini penye ubaridi, bibi amnyweshe kwa kikombe ndani ya muda usiozidi saa 4. Katikati ya asubuhi kaa chini ya mkorosho ukamue chini, dakika 10 tu, ziwa lisije likawa gumu tena. Au, kama shamba ni lenu, mbebe mgongoni uende naye.